Kumi na Sita Mbele ya Mfalme

Katika nyumba ile ugomvi haukupelekwa kwa wajomba wala kwa majirani. Ulipelekwa mezani. Baba mwenye nyumba alichoka zamani kusikiliza wanawe wakibwatukiana, akaweka sheria: wagombanao wakae, yeye agawe karata, mchezo uwe ishirini na moja, kila mmoja ashindane naye kuikaribia idadi hiyo bila kuipita, na atakayeishiwa vifungo vya nguo vya kuwekea dau kwanza afunge mdomo. Ndivyo ilivyoamuliwa nani alale kitanda cha juu, na nani aende kumpokea shangazi mwenye maneno mengi.

Safari hii kilichogombewa ni chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani.

Binti, fundi cherehani, alikuwa akishonea barazani. Mvua ya wiki iliyopita ilipiga kwa ubavu, ikalowesha gauni la bibi harusi mpaka utepe ukachuja rangi. Mwenye gauni alimwambia kwa upole, ule upole unaouma, kwamba likilowa tena hatamwona yeye wala mashoga zake. Kaka yake, kinyozi aliyejibandika jina la Wembe, alidai dirisha lile liliumbwa kwa ajili ya kioo chake. Na Wembe alikuwa hajawahi kushindwa pale mezani. Si kwa ujuzi, kwa mdomo. Alikuwa akimtania dada yake hadi dada akosee mwenyewe.

Fundi akamwendea binamu yao, aliyewahi kuwa mgawa karata kwenye kasino. Binamu akamfundisha palepale kwenye cherehani. Yeye anakanyaga, binamu anaweka karata kando ya kitambaa, na jibu sharti litoke kabla mshono haujafika mwisho. Una kumi na moja, mgawaji ana sita ya wazi? Ongeza dau maradufu. Nane mbili? Zitenganishe, kila moja na dau lake. Kumi na tatu, naye ana sita? Tulia, usichukue karata nyingine, mwenye shida ni yeye.

“Anza na karata yake, dada,” binamu alimwambia. “Hukati gauni kabla hujamwona mteja.”

Hilo lilimwingia. Lililogoma ni moja: kumi na sita yako mbele ya kumi ya mgawaji. Kila lilipokuja, fundi alijibu kwamba anatulia. Mkono wake ulizoea kuacha kitambaa cha ziada kwenye kila mshono. Ukikata mpaka kwenye alama halafu ukakosea, umekwisha. Binamu alirudia hadi sauti ikamkauka. Akiongeza karata ataungua mara nyingi, yaani atapita ishirini na moja, hakumficha. Lakini akitulia ataumia zaidi, maana mwenye kumi mara nyingi hufika mbali. Mkakati huu, alisema, haumpi mtu ushindi, unampunguzia kipigo.

Fundi akamwuliza ni mwendawazimu gani anayesomea kupigwa kidogo. Binamu akagawa tena.

Jumapili, sahani zilipoondolewa, baba akachanganya karata. Binamu alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kimya kama alivyoapishwa. Wembe alianza kazi yake mapema. Alimsifu dada yake kwa kujitahidi, akamwuliza kama gauni limekauka. Fundi alibana meno akacheza alivyofundishwa, na bado vifungo vikamtoka. Alitulia na kumi na mbili mbele ya nne, baba akapata ishirini. Alitenganisha nane zake, zote zikaliwa. Akamtupia binamu jicho la kumla mbichi. Binamu akaangalia dari.

Lakini Wembe naye alikuwa akipukutika. Alicheza kwa kunusa bahati, na siku ile pua ilikuwa na mafua. Mwisho kila mmoja akabaki na konzi moja ya vifungo, na Wembe, ili amtishe mwenzake, akasukuma yake yote katikati. Fundi akasukuma yake.

Baba akagawa. Yake ya wazi ilikuwa mfalme wa shupaza. Hiyo ni kumi.

Wembe alikuwa na kumi na tatu. Akaegemea kiti, akatangaza kwamba anatulia, mzee lazima aungue. Uso wa mzee ulikuwa kama ukuta.

Fundi akatazama zake. Tisa na saba.

“Tulia tu, mdogo wangu,” Wembe akasema taratibu, kama anayembembeleza mteja asitikise kichwa. “Inayofuata ni kubwa. Utaungua.”

Hata yeye aliiona hivyo. Vidole viligoma, vikajikunja mezani. Akayatoa macho kwenye karata zake, akayahamishia kwa mfalme. Akaanza na mteja.

“Ongeza, baba.”

Nne. Ishirini.

Baba akafunua yake iliyolala: sita. Naye kumi na sita, na sheria yake ni kuvuta mpaka afike kumi na saba. Akavuta. Nne nyingine. Ishirini.

Wembe akacheka kwanza. Akasema hakuna aliyeshinda, dada ametoka sare, mchezo urudiwe. Baba alivizoa vifungo vya mwanawe, vya binti akamrudishia.

“Sare anayo yeye,” akasema. “Wewe una nini?”

Wembe akatazama kumi na tatu yake, kisha mahali vifungo vyake vilipokuwa.

Nje mawingu yalikuwa yameshatanda. Fundi alisimama, akamwambia kaka yake ashike cherehani upande mzito. Wembe akashika. Walipofika mlangoni mwa chumba cha mbele bado alikuwa akinung’unika kwamba sare si ushindi, na fundi, akirudi kinyumenyume, alimwambia aangalie kizingiti.