Konokono Mchangani

Konokono hakuwa na haraka, na hiyo ilikuwa nusu ya sababu ya kupewa jina hilo. Nusu ya pili ni kwamba alibeba nyumba mgongoni. Zamani alikuwa basi dogo la abiria, hadi Riungu alipomnunua akiwa chuma kitupu, akang'oa viti vyote, akapigilia kitanda cha mbao za saiprasi upande mmoja, jiko la gesi upande wa pili, na tangi la maji juu. Dirisha kubwa aliliweka karibu na kitanda. Karwirwa, mkewe, alishona mapazia usiku mtoto akishalala, akayatundika mwenyewe. Watu wa soko la Kibirichia walikuja kumchungulia Konokono wakacheka mpaka wakachoka, halafu wakaomba kuingia ndani.

Yote hayo yalifanywa kwa ajili ya mtu mmoja. Ntinyari, mama yake Riungu, alianguka shambani akichimba viazi, akavunjika nyonga. Tangu siku hiyo hakuweza kukaa garini kwa saa moja, ila kulala aliweza. Na alikuwa na binti, Cicily, aliyeolewa Mbeere, mbele ya Gachoka, kando ya bwawa. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, Cicily ndiye aliyekuwa akipanda Kibirichia kumwona mama. Mama hakuwahi hata mara moja kuona mahali mwanawe anapolala.

Tatizo halikuwa nyonga peke yake. Siku ya ukwe, sherehe ya kuunganisha koo mbili, ilikuwa bado haijafanywa. Kila mwaka wazee walipanga, na kila mwaka kukatokea ukame au matanga. Na mpaka siku hiyo ifike, mama mkwe hawezi kulala katika boma la mume wa binti yake. Chai ya mchana, sawa. Kulala, hapana. Sasa kutoka Kibirichia mpaka Mbeere na kurudi siku moja, na nyonga ile, nani angejaribu?

"Basi atalala kwake," Karwirwa alikuwa amesema jioni moja, akimnyonyesha Mukiri. "Tumjengee nyumba inayotembea. Ikisimama nje ya ua wa mkwe, si amelala kwake?"

Kesho yake Riungu akaenda kuulizia basi.

Ndiyo maana walipofika, saa nane mchana, joto likiwapiga watu wa baridi kama mlango wa tanuri, Karwirwa alihisi kama ni yeye anayepeleka zawadi.

Cicily alitoka mbio na unga mikononi. Alimkumbatia mama yake kupitia dirishani, wakacheka na kulia pamoja. Njoka, mumewe, mchuuzi wa samaki kwa baiskeli, alisimama nyuma ya ua wa matawi ya miiba, kofia ameivuta chini, uso ameuelekeza kwenye mbuzi. Mkwe hamtazami mama mkwe machoni wala hasemi naye moja kwa moja.

"Mama Mukiri," Njoka alimwita Karwirwa, kwa sauti ambayo ingesikika ng'ambo ya bwawa. "Mwambie mama karibu sana. Mwambie kaka aingize gari hapa ndani, ardhi ni ngumu."

Karwirwa akageuka kuelekea dirishani, mita mbili tu. "Mama, anasema karibu sana, na..."

"Nimesikia. Mwambie mwenye boma asante, lakini mimi silali ndani ya boma lake. Nitalala nje kama nilivyosema."

"Anasema..."

"Nimesikia," akasema Njoka kwa upole. "Lakini nje ni mchanga."

Kweli, kati ya ua na maji palikuwa na hatua kama sitini za mchanga mweupe, laini, umenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Riungu alishuka, akaukanyaga kwa kisigino. Ulikuwa mkavu, ukamstahimili vizuri.

"Shemeji," Njoka alimwambia, "huo usiuamini. Juu umekauka kama mkate, chini ni uji."

Riungu akacheka. "Mimi nimeendesha lori la viazi Kibirichia miaka tisa. Mvua ya Aprili, magunia themanini nyuma. Leo unifundishe kukwama?"

"Sikufundishi. Nakuambia tu."

"Mama anataka kuona maji akiwa kitandani. Nitampeleka aone maji."

Akamteremsha Konokono pua ikielekea bwawani. Hatua kumi, ishirini, na Konokono akatambaa kama kwenye lami. Kisha magurudumu ya nyuma yakashuka taratibu, kama mtu anayekaa kwenye kochi bovu.

Sasa hapa ndipo mtu wa Kibirichia anapokosea. Matope ya kwao yana sakafu. Ukikwama, unakanyaga mafuta, tairi linazunguka, linachimba, matope yanaruka mpaka kwenye kofia za watu, na mwisho tairi linaigusa ardhi ngumu, linauma, unatoka ukishangiliwa. Riungu alikuwa ametoka hivyo mara mia. Basi akakanyaga mafuta. Konokono akanguruma, mchanga ukaruka, na tairi likachimba likitafuta sakafu. Halikuipata. Akakanyaga tena. Lilipoacha kuzunguka, ekseli ilikuwa imelala mchangani, maji yanachuruzika ndani ya shimo, na nyumba nzima imeinamia upande. Ndani sufuria ziliporomoka. Mukiri, ambaye jina lake ni la mtu mnyamavu, alilia kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

"Riungu!" Ntinyari aliita kutoka kitandani. "Mimi nateleza! Unanimwaga kama maji ya kuoshea vyombo?"

Karwirwa alirukia ndani, akamshika mama mkwe mabega, akamwekea mto ubavuni. Kupitia dirisha kubwa aliona kijiti ambacho Njoka alikuwa amekichomeka ukingoni asubuhi. Cicily aliwaambia walipofika: mvua ikinyesha mlimani, bwawa hupanda, na kijiti ndicho kinachowajulisha. Kijiti sasa kilikuwa majini mpaka shingoni.

Ntinyari naye alikiona. Sauti yake ikashuka.

"Haya. Mahali pangu pa kulala pamekwisha. Nitafutieni gari lolote linifikishe Embu kabla jua halijatua. Nitalala hotelini huko, kesho nirudi nyumbani."

Cicily alikuwa amesimama mlangoni na chai ya mama yake, vikombe vipya, vile ambavyo bado vina karatasi ya duka chini. Aliiweka sinia kwenye mchanga polepole.

Nje, Riungu alishasogea kuchukua mawe ayatie chini ya tairi. Masikio yake yalikuwa mekundu. Karwirwa alimjua, masikio yakiwa hivyo, ukimwambia neno moja baya, atasukuma gari peke yake mpaka kesho. Akamwendea, mtoto begani, akamfuta mchanga shingoni kwa leso.

"Baba Mukiri. Umetuleta salama tangu mlimani, na mama hajalilia nyonga hata mara moja. Hiyo kazi umeimaliza. Sasa hapa si kwetu. Mwachie mwenye mchanga."

Riungu alishika jiwe lake kifuani kama mtu aliyeshika mtoto. Kisha akaliangusha.

"Shemeji," akaita, bila kumwangalia Njoka. "Baiskeli yako ya samaki inapitaje hapa?"

"Natoa upepo tairini," Njoka akajibu. "Tairi gumu ni kisu, linakata. Tairi laini ni kama nyayo za ngamia."

"Na mimi nilisimama Gachoka nikajaza mpaka mwisho!"

"Niliona yamefura. Nikasema moyoni, huyu anakuja na visu vinne."

Hata Cicily akacheka, akijifuta macho.

Njoka alipanga kazi. Mawe hapana, yatazama tu. Maji ya tangi yamwagwe, maana ni uzito. Upepo utolewe hadi tairi litokeze tumbo. Mchanga uchimbuliwe nyuma ya kila gurudumu, utengenezwe kama njia ya kupandia, juu yake yatandikwe matawi na magunia. Na gari litoke kinyumenyume, kwa njia ileile lililoingilia, ambako limekwisha kushindilia.

"Na mtu yeyote aliyeko ndani," aliongeza kwa sauti ya ng'ambo ya bwawa, akitazama mbuzi, "Mama Mukiri, mwambie kwa heshima kubwa, atalazimika kushuka."

"Mwambie mimi si gunia la viazi!" ikajibu sauti ya dirishani. Kisha ikaongeza: "Lakini nitashuka."

Riungu na Cicily walimbeba kwa kiti. Njoka aligeuka akatazama maji mpaka walipopita, maana haikufaa kumwona mama mkwe akibebwa. Walimweka chini ya mgunga, Mukiri mapajani. Ntinyari alimtemea mtoto mate mepesi kifuani, kama anavyobariki kila siku, kisha, baada ya kufikiri, akatema tena kuelekea Konokono.

Maji yalikuwa hatua nne kutoka kwenye bampa ya mbele walipoanza kusukuma. Riungu alikaa kwenye usukani. Wengine watatu walisimama puani, miguu inazama, maji yakiwasogelea visigino. Karwirwa hakuwahi kusukuma gari maishani. Aliweka bega juu ya taa na akajikuta anaongea na chuma: twende, twende baba, mama anataka kulala.

"Pole pole!" Njoka alipiga kelele. "Usikanyage! Mguse tu, kama yai!"

Riungu, aliyezoea kukanyaga miaka tisa, aligusa. Konokono alitikisika, akasita, akapanda gunia la kwanza. La pili. Matawi yakalia. Kisha akatoka mzima kwa mara moja, kinyumenyume, mpaka Njoka akakimbia kufungua lango la mbuzi, maana hapakuwa na mahali pengine pagumu pa kusimama. Konokono aliingia, akapumzika, mkia ukiwa ndani ya boma na pua ikichungulia langoni.

Walishangilia. Cicily alimkumbatia kaka yake, mchanga kwa mchanga. Ndipo wote walipogeuka kumtazama Ntinyari chini ya mgunga, na kelele zikafa.

"Limesimama ndani," alisema.

Nyuma yao maji yaliingia kwenye shimo la tairi na kulijaza.

Karwirwa alimchukua Mukiri, akaketi kwenye ngazi ya Konokono kumnyonyesha. Alipoinama aliuona ua kwa karibu: matawi ya miiba yaliyokauka, yamelazwa tu chini, mengine bado na kamba ya kuyavutia. Kwao Kibirichia ua ni miti iliyomea, ina mizizi. Huu haukuwa na mzizi wowote.

"Shemeji," akauliza, "huu ua uliwekwa na nani?"

"Mimi mwenyewe. Mwezi uliopita. Kila mbuzi wakiongezeka, nausogeza nje kidogo."

"Na wakipungua?"

Njoka alitazama matawi, akamtazama Konokono, akapima kwa macho. Kisha akavua kofia, akaingia ghalani, akatoka na uma wa mti wa kuinulia miiba.

Alianzia kwenye lango. Tawi moja moja alilichomoa, akaliburuta nyuma ya Konokono, kati ya gari na nyumba yake, akalilaza upya. Riungu alielewa akaenda kumsaidia, akichomwa na miiba na kutukana taratibu kwa Kimeru. Jua lilipoanza kugusa mlima, boma la Njoka lilikuwa dogo kwa hatua nane, na Konokono alikuwa amesimama nje, kwenye ardhi ngumu, dirisha lake likitazamana na nyumba ya Cicily.

Ntinyari alikuwa akitazama tangu tawi la kwanza. Midomo yake ilicheza walipombeba na kumlaza kitandani. Karwirwa alivuta pazia. Cicily alipanda na chai, iliyopashwa upya, akaketi ukingoni mwa kitanda. Wao wawili wangelala humo. Riungu, Karwirwa na mtoto wangelala nyumbani kwa Njoka, kwani kaka hana mwiko huo.

"Wewe hulala upande gani?" Ntinyari alimuuliza binti yake.

"Lile dirisha, mama. Lenye kitambaa cha bluu."

Alilitazama kwa muda. Kisha akajivuta kidogo akamwita Karwirwa, kwa sauti ambayo, kama ya mkwe wake, ingesikika ng'ambo ya bwawa.

"Mama Mukiri! Mwambie huyo mtu, boma sasa ni dogo. Mbuzi wake watatoroka."

Njoka alikuwa nyuma ya matawi, anatoa mwiba kidoleni. Hakungoja kupelekewa.

"Mwambie mama," alisema, "watarudi tu. Wanajua kwao."