Chumba Chenye Sakafu ya Moto

Bi Geumrye alifungasha kama mtu anayekwenda kuwatembelea maskini. Sanduku la kwanza alilijaza sabuni, taulo, dawa ya meno na sweta za marehemu mumewe ambazo bado zilikuwa nzima. La pili alilitia vitunguu saumu vya shambani kwake vya mavuno ya mwaka jana, mwani mkavu wa supu, kimchi, ile kabichi ya kuchachusha yenye pilipili, iliyofungwa mifuko mitatu isivuje, na juu kabisa nguo ya hariri ya mtoto, ile yenye mikono ya mistari ya rangi. Sweta za kupeleka Vietnam, tena kusini kabisa kwenye delta ya Mekong, ambako hata mbwa hulala chali kwa joto! Lakini nani angemwambia? Tangu mwanawe Doshik amwoe Nhan, nyumbani kwao Nhan alikuwa akikuona kichwani mwake kuwa kibanda cha makuti, bata wakiingia na kutoka wanavyotaka.

Alichokifuata huko kilikuwa kimoja, na hakumficha mtu yeyote kijijini kwake, jimboni Jeolla: kumrudisha Korea mjukuu wake Garam. Nhan aliondoka na mtoto eti anakwenda kwao kusalimia, Doshik akawafuata, na kusalimia kwenyewe kukawa hakuishi. Sasa mtoto alikuwa anatimiza mwaka. Wazee wa kijiji walichangishana wakamnunulia pete ya dhahabu, kama ilivyo ada ya siku hiyo, wakamkabidhi Geumrye na kumtakia safari njema. Garam ndiye mtoto wa kwanza kuzaliwa kijijini hapo tangu Doshik mwenyewe azaliwe, na Doshik ameshaota mvi.

Gari la Doshik lilisimama kando ya mfereji, mbele ya nyumba ya ghorofa yenye vigae vya kijani na kibaraza cha nguzo.

"Mbona umesimama?" Geumrye aliuliza. "Twende kwa wakwe kwanza, hoteli baadaye."

"Ndiyo hapa, Mama."

"Hapa wapi?"

"Kwa wakwe."

Macho yalimtoka. Aliitazama ghorofa, akaligeukia sanduku lenye sweta, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Kabla hajaimeza, mlango wa gari ulifunguliwa kwa kishindo na mwanamume mmoja mweusi kwa jua akaingiza kichwa ndani.

"We! Shuka upesi!" alifoka kwa Kikorea. "Umelala? Haya, tembea, kazi haijifanyi yenyewe!"

Geumrye alipigwa na butwaa. Amekula chumvi nyingi, amezika mume, na hakuna kiumbe aliyewahi kumsemesha hivyo. Cha ajabu, mtu mwenyewe alikuwa anatabasamu mpaka magego yanaonekana, na alilipokea sanduku kwa mikono miwili huku ameinama kwa heshima zote.

Nhan alikuja mbio kutoka ndani, akainama mbele ya mama mkwe wake. "Mama, tusamehe! Huyu ni kaka yangu Luom. Alifanya kazi kiwandani huko kwenu miaka mingi. Kikorea alichonacho ni kile alichokuwa anaambiwa yeye."

"Hajui kingine?"

"Hakuna aliyemwambia kingine, Mama."

Geumrye alikunja uso akaingia ndani, na huko akakutana na mshtuko mwingine: watoto. Watoto kwenye ngazi, watoto chini ya meza, watoto wa jirani waliokuja kuazima ndimu wakasahau kurudi. Kijijini kwake shule ilishafungwa kwa kukosa wanafunzi, uwanja wake ukawa pa kuanikia pilipili. Wakati wa kujifungua, Nhan alipelekwa kwa gari mpaka mji mwingine, maana wilaya nzima haikuwa na mkunga. Nchi yenye treni za kasi kama risasi, na hakuna wa kumzalisha mwanamke mmoja! Hapa kwa maskini wake, zahanati ilikuwa ng'ambo ya daraja na chekechea iko nyuma yake.

Garam alikuwa katikati ya kundi hilo, uchi, amepakaa tope mpaka nyusi, anacheka.

"Kijibwa changu cha mavi!" Geumrye alilia kwa furaha, kama bibi wa kwao yeyote angemwita mjukuu wake, akamnyakua na tope lake.

Mama yake Nhan alitoka jikoni akijifuta mikono. Huko watu huitwa kwa nafasi waliyozaliwa, na yeye alikuwa Bi Sita, mwanamke mfupi mpana mwenye sauti ya kuuza samaki. Alimwangalia mkwe mwenzake, akamwangalia mtoto, akasema jambo.

"Anasema mtoto huyu anachukiza sana," Nhan alitafsiri. "Ukimsifu, mashetani watasikia."

Kwa hilo angalau wanawake wale wawili walielewana.

Chakula kilikuwa uji wa bata wenye tangawizi. Geumrye alikula huku akiikagua nyumba: friji, mashine ya kufulia, ngazi ya mawe. Mwishowe alishindwa kujizuia.

"Nyumba nzuri," alisema. "Nani aliijenga?"

Nhan aliinamisha kichwa. Luom akainua mkono wake wa kushoto, kwa furaha kabisa, kama mwanafunzi anayejua jibu. Vidole viwili havikuwapo.

"Mashine," alisema. "Fidia." Kisha kwa mkono huohuo akamchagulia Geumrye paja la bata na kumwekea bakulini. "Haya, kula, mvivu wewe!"

Geumrye alilitazama lile paja. Kumbe vigae vile vya kijani ni vidole vya mtu, na vilibaki kwao, Korea, chini ya mashine ya mtu ambaye labda ana mama mzee kama yeye. Alikula lile paja lote, maana kuliacha kungekuwa dhambi nyingine.

Baada ya chakula Doshik alimshika mkono. "Mama, njoo nikuonyeshe kitu."

Alimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye chumba kipya chenye harufu ya saruji. Hakikuwa na kitanda, godoro jembamba tu lililokunjwa pembeni kama kwao. Ukutani palikuwa na swichi ambayo Geumrye aliijua vizuri sana. Akavua viatu, akakanyaga, akapiga magoti na kupapasa vigae.

"Doshik. Umeweka sakafu ya moto?"

"Nimelaza mabomba mwenyewe. Maji yanachemshwa kwa gesi, yanapita chini. Kama nyumbani."

"Huku? Kwenye joto hili?"

"Wewe hulali bila kuchoma mgongo, Mama. Hata kiangazi unawasha."

Nhan alicheka mlangoni. "Majirani walidhani ni mtambo wa kuangulia mayai ya bata. Mama yangu bado anauliza kama anaweza kuweka hata trei moja."

Geumrye hakucheka. Hakuwa mjinga. Mtu halazi mabomba chini ya sakafu kwa ajili ya mgeni wa wiki mbili.

"Chumba hiki cha nani?"

"Chako," Doshik alisema. Akashusha pumzi. "Hatutarudi, Mama. Natengeneza matrekta hapa, kazi inanishinda kwa wingi."

"Matrekta ya mitumba! Yale tuliyochoka nayo sisi! Mwanangu, raia wa Korea, anakuja kufukua mafuta machafu kwenye mitumba ya nchi yake mwenyewe?" Akakaa chini. "Mimi nimekuja kuwachukua, kumbe nyinyi mmekaa mnapanga kunichukua mimi. Na kijiji je? Wazee wa watu wametoa pete. Mmeshawaua, mnajua? Mmewaua wakiwa hai!"

Nhan alipiga magoti mbele yake. "Mama, kule mlinipenda wote. Sisemi uongo. Lakini siku Garam alipopata homa, nilizunguka nyumba zote, na hakuna aliyekumbuka mtoto anashikwaje akiwa na degedege. Walilia pamoja nami. Wote walikuwa wanalia, Mama, na mimi ndiye nilikuwa mdogo kuliko wote."

Geumrye alikumbuka siku ile. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliolia. Lakini hasira ina kiburi chake, na akang'ang'ania.

"Basi achague mwenyewe," alisema. "Kesho, kwenye sinia. Wekeni pasipoti yake pale. Akiishika, anarudi Korea na nyinyi nyuma yake."

Mtu wa nchi nyingine angesema bibi amechanganyikiwa. Lakini pande zote mbili zilikuwa na desturi hiyohiyo: mtoto akitimiza mwaka huwekewa vitu mbele yake, na atakachoshika ndicho maisha yake. Bi Sita alipotafsiriwa maneno hayo aliitika kwa kichwa mara moja. Akatoka, akarudi na bonge la udongo kutoka shamba lake la mpunga: mtoto akishika hili, anabaki. Doshik alijaribu kupinga, mama wawili wakamtazama, akaenda kutafuta sinia.

Asubuhi iliyofuata Garam alivalishwa hariri yake, na ndani ya dakika chache akawa amelowa jasho. Sinia lilipangwa mkekani: uzi wa maisha marefu, kalamu, kitana, mkasi, mchele, bonge la Bi Sita, na pasipoti ya buluu ya mtoto, ambayo Geumrye aliiweka karibu zaidi kidogo kuliko haki. Simu iliegemezwa kwenye jagi la maji. Ndani yake walionekana wazee wa kijiji, wamejazana kwenye ukumbi wao na makoti yao, kila mmoja akimsukuma mwenzake aonekane. Mbele kabisa alikuwa Pansun, shoga wa Geumrye tangu walipoolewa kijijini hapo mwaka uleule.

"Mnatuona?" Pansun alipiga kelele. "Jamani, mnamwona kijibwa?"

"Tunawasikia mpaka mtaa wa pili!" Geumrye alimjibu. "Tulieni, anaanza."

Garam aliwekwa chini. Alitambaa, akatulia juu ya mikono na magoti mbele ya sinia, akalitazama bonge la udongo. Bi Sita alikaza kitambaa cha shingoni kama anataka kujinyonga. Mtoto akanusa mchele, akasukuma kitana. Kisha akanyoosha mkono na kuichukua pasipoti, akaitia mdomoni.

Hakuna aliyepiga makofi. Nhan alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba, akafunika uso. Doshik aligeukia ukuta. Geumrye alikuwa ameshinda.

"Mmeona?" aliiambia simu, kwa sauti isiyokuwa yake. "Ameshika pasipoti! Anarudi nyumbani!"

Alingoja shangwe. Ukumbini kimya. Alidhani mtandao umekata, akaisogelea simu, akaona wote wapo na wanamtazama.

"Geumrye," Pansun alisema. "Usimlete."

"Unasemaje wewe?"

"Nimesema usimlete. Tumeongea jana, wote. Acheze na nani hapa? Na mimi? Magoti yangu unayajua. Tukianza kufa, na tumeshaanza, atakuwa anavaa nguo za msiba kila mwezi. Hayo ndiyo maisha ya kumpa mtoto?"

"Na pete? Pansun, mlitoa pete!"

"Pete ni yake. Hatukununua mtu." Nyuma yake mzee mmoja alijipangusa macho kwa kofia. "Tulitaka tumwone tu anavyoshika. Tumemwona."

Geumrye alihisi kama amesukumwa kisimani na mtu aliyemwamini kuliko wote. Alikuwa amepigana kwa ajili yao! Aliwatukana watoto wake kwa ajili yao. Aliinuka bila kuaga mtu, akaichukua simu kwa sababu hakujua aishike nini kingine, akaenda mpaka chumba cha nyuma na kujilaza chali kwenye vigae. Vilikuwa baridi. Nje watoto walikuwa wamerudia kelele zao, na katikati yao alimsikia Garam, hariri na yote, akicheka na watu wa umri wake.

Alilia kwa sauti, kama wanavyolia wanawake wa kwao msibani, na hakujali nani anasikia. Alipomaliza alijifuta kwa kiganja.

"Doshik!"

Mwanawe alikuja mbio, na nyumba nzima nyuma yake.

"Washa hii sakafu."

"Mama, kuna joto la—"

"Nimesema washa. Mgongo unaniuma."

Doshik alibonyeza swichi. Mabomba yaliguna chini. Bi Sita alivua ndala, akagusa vigae kwa kidole cha mguu, akaguna kwa mshangao, kisha akajilaza kando ya mkwe mwenzake kuona ni raha gani hiyo. Jasho likaanza kuwatiririka wote wawili.

Luom aliwatazama, akajaribu kuwa mwema. "Lala, mvivu wewe!"

"Wewe keti hapa," Geumrye alimwambia. "Kikorea chako tutakianza upya. Tutaanza na 'karibu, Mama'."

Simu ilikuwa bado kifuani pake, haijakatwa. Sauti ya Pansun ilitoka ndogo, kutoka mbali.

"Sakafu ina moto, Geumrye?"

"Ina moto."

Geumrye alilikumbuka shamba lake. Vitunguu saumu vya mwaka huu vilikuwa vimebakiza mwezi tu ardhini.

"Pansun," alisema, "vitunguu vyangu vikikomaa, ving'oe wewe."