Dative Aliwahi Mno

Miaka mitatu mfululizo Dative alikuwa wa pili, na safari hii wa pili ni sawa na wa mwisho: timu ya mkoa ilibakiwa na nafasi moja ya mwanamke, naye mwakani angekuwa amepita umri. Mbio za baiskeli za wanawake kutoka Sake hadi Keshero zilikuwa na desturi yake. Mnakwenda pamoja, mnapiga soga, mnachomoka mita mia tatu za mwisho, Angèle anashinda. Hata kuku wa Keshero walijua.

"Ku mwisho Angèle anakupitaka," kocha wake, muzee Adalbert, alimwambia asubuhi. "Toroka pale hakuna mutu anawaza. Ukianguka, anguka mbele."

Kwa hiyo walipofika ziwani Lac Vert, wenzake wakifungua chupa za maji, Dative akakanyaga. Nyuma akasikia kicheko: "Ataishia wapi, uyu?" Kilomita nane peke yake. Miguu iliwaka, akatapika begani bila kushuka, akamlaani muzee kwa jina na kwa ukoo. Kila alipogeuka, barabara ilikuwa tupu.

Na mstari wa mwisho ulikuwa mtupu vilevile. Mwamuzi, Papa Lévi, alikuwa kibandani na soda yake. Kwani wanawake si hufika saa tano? Alitoka akijifuta mdomo.

"Benzako bako wapi?"

"Nyuma, Papa. Nilibaacha ku Lac Vert."

"Weye? Ulipita njia ya mukato. Ao ulibebwa na pikipiki."

Dative alipiga magoti. Aliapa kwa Bikira Maria, akaapa kwa kaburi la mama yake. Papa Lévi hakuwa mtu mbaya, lakini kalamu haikutoka mfukoni. Hakukuwa na shahidi ila wale aliowashinda.

Walifika dakika nne baadaye, Angèle mbele.

"Uyu alikuwa mbele yenu kweli?" Papa Lévi akamuuliza.

Angèle alikuwa akihema. Nafasi ile aliitaka yeye pia, na kusema "sikumuona" ni neno moja tu. Dative akafumba macho.

"Alitutoroka ku Lac Vert," Angèle akasema. "Sisi tulingojeana, kila mutu akisema mwenzake atamufuata. Andika jina yake, Papa."

Akaisukuma baiskeli yake, na hakulia mpaka alipowapa mgongo. Dative alitaka kumkimbilia, lakini miguu ilikataa kuinuka. Akabaki palepale kwenye vumbi jeusi, akimwita mtu ambaye hakugeuka.