Nywele za Jumamosi

Yule kinyozi wa kona alikuwa na tabia moja: jioni hafagii. Mgongo ulikuwa umemchoka, na mgongo ukishakuchoka hauna heshima, unaweza kukuinamisha mbele za wateja ukagoma kukunyanyua. Kwa hiyo jioni alizima mashine, akaitundika kwenye msumari, akakunja shuka, akafunga mlango, akaenda zake. Nywele za siku nzima zilibaki sakafuni. Asubuhi, mgongo ukiwa bado mpya, ndipo anafagia.

Chumba chenyewe kilikuwa kimoja. Kiti kimoja cha kuzunguka ambacho kiliacha kuzunguka zamani sana. Kioo kilichopasuka pembeni kikabandikwa plasta ya kidonda. Benchi la wanaosubiri zamu, na la wasiosubiri chochote, maana wapo watu waliokuwa wanashinda pale na vichwa vyao vina upara.

Jumanne moja akafungua mlango, akakuta nywele zimejipanga. Za muuza mkate na wanawe wawili zilikuwa fungu moja chini ya kioo, na aliwanyoa saa tofauti, mmoja asubuhi, wawili alasiri. Za mapacha wa fundi viatu zilikuwa zimesokotana. Za mgeni mmoja, mpita njia tu, zilikaa peke yake karibu na mlango, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu hajui akae wapi. Kinyozi akatazama dirisha. Limefungwa. Akafagia. Jumatano vilevile, Alhamisi vilevile. Wiki ya tatu alikuwa ameshazoea, kama unavyozoea bati linalovuja. Unajua tu ndoo inakaa wapi.

Mambo hayo yalianza mwezi uleule ilipofunguliwa maabara ng'ambo ya barabara, ile ya kupima DNA. Labda yanahusiana, labda hayahusiani. Na tusiseme maabara ilikuwa mbaya. Kuna fundi bomba alikaa gerezani miaka minne kwa kosa la mtu mwingine. Wakapima, wakaona siye, wakamtoa, na kitu cha kwanza alikuja kunyolewa, akalala palepale kwenye kiti. Kuna mama aliyebadilishiwa mtoto wodini, akarudishiwa wake, na yule mwingine naye akampata mamake. Sasa wale wanawake wanaitana dada na wanaazimana sufuria. Hayo mazuri yapo.

Lakini mtaa uliingiwa na macho. Mwanamume anakula, mkono uko kwenye sahani, macho yako kwenye masikio ya mtoto. Mama anaficha kitana kifuani kama kimeandikwa siri. Wateja walianza kuinama na leso, wanaokota nywele zao wenyewe, wanaziweka mfukoni. Wengine walikuja na bahasha: "Fundi, za huyu mtoto nifungie kidogo, ni kwa ukumbusho." Wakavuka barabara na ukumbusho wao. Karani wa maabara, binti mmoja mpole mwenye glavu, akawarudisha. Nywele za mashine hazina mzizi, aliwaambia. Leteni mtu mwenyewe, tumpitishe kijiti cha pamba shavuni. Wakarudi kwa kinyozi, maana habari ya mafungu ilishasambaa, na kwa kinyozi huulizwi jina.

Ndipo akaja Breki.

Breki alikuwa dereva wa lori la saruji. Jina alipewa na wenzake, kwa sababu hata barabara ikiwa tupu lazima apige breki, anahisi kuna kitu. Asubuhi anazunguka lori anahesabu matairi, kumi, halafu anarudia, asije akawa ameibiwa moja wakati anahesabu mengine. Akipewa chai anainusa kwanza. Mkewe alikuwa fundi wa nguo, cherehani yake iko mlango wa pili kutoka kwa kinyozi, na mtaa mzima walimwita Mama Kidoti, kwa ajili ya binti yao wa miaka sita mwenye doti nyeusi kwenye sikio. Kila asubuhi Breki alimpakia Kidoti kwenye lori akamshusha shule, na Kidoti ndiye alikuwa anapiga honi. Mtaa ulikuwa unajua saa kwa honi ile.

Jumamosi moja alimleta Kidoti kunyolewa nywele za shule, na yeye mwenyewe akanyolewa.

"Fundi," alisema akijipangusa shingo, "usifagie mpaka nije kesho."

"Mimi sifagii jioni."

"Na asubuhi usifagie mpaka nije."

"Shemeji, huyu mtoto ana paji lako. Mpaka kununa ananuna kama wewe."

"Paji kila mtu analo."

Baada yao alinyolewa Mwalimu Mkuu. Huyu alishastaafu miaka mingi, lakini cheo kilimgandia. Kwenye vikao alikaa mbele, ugomvi wa ndoa ulipelekwa barazani kwake, na alikuwa anakuja kila Jumamosi saa kumi kamili, viatu vyeusi vinang'aa, anataka mvi zake zipunguzwe kidogo tu, kidogo sana.

Jumapili asubuhi Breki alifika kabla ya kinyozi. Wakaingia pamoja, wakasimama.

Nywele za Kidoti zilikuwa zimegawanyika. Nusu zimelala na nywele za Breki, zimejikunja ndani yake kabisa. Nusu nyingine zimevuka sakafu, zimepita chini ya benchi, zimekwenda kulala na mvi za Mwalimu Mkuu.

"Fundi, unaona ninachokiona?"

"Naona nywele."

"Usinizungushe."

"Hizi hapa zimekuja kwako. Mtoto ni wako."

"Na hizo kule zimefuata nini?"

Kinyozi hakuwa mtu wa shule nyingi, lakini alishanyoa vichwa vya mtaa ule miaka arobaini, na kuna jambo lilikuwa limekaa kichwani mwake muda mrefu, na sasa lilikuwa linasogea. Alichukua ndoo, akafunika mvi na nywele za mtoto zilizolala nazo, na fungu lile lingine akalifunika kwa beseni, ili wateja wasikanyage.

Nyumbani Breki hakupiga kelele. Ni afadhali angepiga. Alimwambia mkewe neno moja tu, "Nimeona," akanusa chai, akaimwaga. Jumatatu hakumpakia Kidoti. Mtoto alikwenda shule kwa miguu, begi linampiga nyuma ya magoti, na honi haikulia, watu wengine wakachelewa kazini.

Jumatatu hiyohiyo Mama Kidoti alisimamisha cherehani, akaingia kwa kinyozi, uzi bado umening'inia kwenye nguo. Akakaa kwenye kiti.

"Ninyoe."

"Nywele zote hizi, mwanangu?"

"Zote. Na hiyo ndoo funua."

Akafunua, akamnyoa. Nywele zake zilikuwa nyingi na hazikusubiri usiku. Zilivyoanguka tu zikaanza kutembea, polepole, kama watu wanaotoka mkutanoni. Nusu zilipita chini ya benchi zikaenda kwenye mvi za Mwalimu Mkuu, zikazizunguka. Na zile za Kidoti zilizokuwa pale zikainuka, zikaziacha mvi, zikajibana kwa za mama yake. Zilikuwa zimekwenda kule kwa sababu mama hakuwepo, zikatafuta wa karibu naye.

Nusu nyingine ya nywele za Mama Kidoti haikwenda popote. Ilikuwa inazunguka chini ya kiti, inazunguka, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Zilikuwa zinamtafuta mama yake, na mama yake alishakufa, hana hata unywele mmoja pale.

Mama Kidoti alizitazama kwenye kioo, upande usiopasuka.

"Mama alikuwa anafagia pale shuleni kwa Mwalimu Mkuu," alisema.

"Nakumbuka."

"Alifukuzwa ufagio uko mkononi. Aliniambia ni kwa sababu alivunja chungu cha maua."

Kinyozi alikuwa anakunja shuka, akaikunja tena ilhali ilishakunjika. Wiki ile ya chungu cha maua alikuwa anazipunguza nywele za Mwalimu Mkuu, wakati huo zikiwa nyeusi tii, na Mwalimu Mkuu alisema kuna mfagiaji mmoja ameharibika, amemwondoa, asije akaharibu jina la shule. Kinyozi alisema, "Umefanya vizuri, Mwalimu." Ndivyo alivyosema. Miezi michache baadaye alimwona yule msichana mfagiaji na tumbo, akahesabu, akaendelea kunyoa.

"Ulijua?" aliuliza Mama Kidoti.

"Nilikisia."

"Kukisia ndiko kujua kwa waoga, baba."

Akatoka. Akamleta Breki kwa mkono, bado ana vumbi la saruji kwenye kope. Kinyozi akafunua beseni, akamwonyesha: hizi za mkeo, hizi za mtoto, hizi za babu yake. Babu, siyo baba. Breki alichuchumaa, akaangalia kwa muda mrefu, akasema nywele zinaweza kufundishwa. Yeye anataka karatasi.

Basi wakavuka barabara, mume, mke na mtoto, na Kidoti akafungua mdomo kwa karani kama anayeonyesha jino jipya. Wakasubiri wiki mbili. Karatasi ikaja. Karani aliisoma taratibu, akiweka kidole kwenye mstari.

"Mtoto ni wako, baba. Asilimia tisini na tisa, nukta tisa tisa."

"Na hiyo iliyobaki?"

"Hakuna iliyobaki. Ni namna ya kitaalamu ya kusema. Mashine haisemi mia."

"Kwa nini haisemi?"

"Hivyo ndivyo ilivyo, baba."

"Kwa hiyo kuna kidogo."

"Kidogo ambacho si kitu."

"Kama si kitu," alisema Breki, "kisingetajwa."

Mama Kidoti alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kichwa kimeanza kuota nywele fupi kama brashi ya viatu. Alimwambia, "Mume wangu, mtoto ni huyu hapa, mshike." Breki aliishika karatasi. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, na tangu siku hiyo haijatoka mfukoni ila usiku, inalala chini ya mto wake. Hakuwafukuza. Anakula hapohapo, analala hapohapo. Ila Kidoti anatembea kwa miguu, na wakati mwingine baba yake anampita na lori, anapunguza mwendo, anamtazama kama anavyoyatazama yale matairi, halafu anaondoka.

Kinyozi mvi zile hakuzifagia, alizifunika tena. Aliinama kila asubuhi, akafagia kuzunguka ndoo na beseni.

Jumamosi ya kwanza baada ya karatasi, saa kumi kamili, Mwalimu Mkuu aliingia, viatu vinang'aa. Akakaa. "Kidogo tu," alisema. Kinyozi akawasha mashine. Mama Kidoti akaingia bila kubisha, akaondoa ndoo, akasimama mbele ya kiti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Umepata joto nini, mpaka umekata nywele?"

"Nimekuja kukuomba tuvuke barabara. Ni kijiti tu, kinapita shavuni. Hakiumi."

Chini, nywele za Mama Kidoti zilikuwa zimeshafika kwenye kiatu cha Mwalimu Mkuu. Zikapanda kamba, zikapanda soksi, zikajishikilia. Kwenye benchi walikuwa wamekaa watu wanne. Wote waliona. Mmoja alitazama dari, mmoja akajikuna goti, wawili wakaanza kuongea habari za mvua.

"Mimi nina kisukari, mwanangu," alisema Mwalimu Mkuu. "Siwezi kupimwapimwa ovyo."

"Hawachomi sindano."

"Na hayo mambo yanavunja nyumba za watu. Angalia yako." Akageuza macho kwenye kioo. "Fundi, siku hizi hufagii?"

Kinyozi alizima mashine. Mama Kidoti alimtazama. Ilikuwa rahisi kwa kinyozi kusema, maneno yenyewe ni machache, na meno alikuwa nayo bado. Alisema, "Mgongo, Mwalimu." Halafu akachukua ufagio.

Akafagia. Nywele hazikufagilika. Kila akizisukuma zilirudi kwenye kiatu. Mwalimu Mkuu akanyanyuka kabla hajamalizwa, upande mmoja mfupi, upande mmoja mrefu, akatembea mpaka mlangoni na nywele nyuma yake, na kwenye kizingiti akakung'uta mguu mara tatu, kama aliyekanyaga majimaji. Zikadondoka. Akashuka barabarani. Muuza mkate akamwamkia, fundi viatu akavua kofia. Jioni ile alikuwa na kikao cha ndoa ya watu fulani, na alikaa mbele.

Nywele zilibaki kizingitini. Haziingii ndani, hazishuki barabarani, zimeelekea kule alikokwenda. Wateja wamezoea kuziruka. Mama Kidoti anashona. Kila Jumamosi saa kumi anasimamisha cherehani, anaingia, anauliza lilelile, anajibiwa lilelile, anarudi kushona. Mwalimu Mkuu anakung'uta mguu na anakwenda zake.

Juzi Kidoti alitoka shule kwa miguu, akasimama mlangoni, akachuchumaa kuzitazama.

"Babu, hizi zinamsubiri nani?"

"Mteja," alisema kinyozi.

"Anajua kwamba zinamsubiri?"

"Anajua."

Kidoti akafikiri kidogo. Halafu akazisogeza pembeni kwa mkono, taratibu, mahali ambapo mvua haifiki, akaruka kizingiti, akaingia kukaa kwenye benchi kusubiri honi ya lori.