Seti ya Tatu ya Meno

Juu ya mizani ya posta, ndani ya kikopo kisicho na mfuniko, meno yalikuwa yakicheka peke yake. Safu ya juu na safu ya chini, ufizi wa waridi umesuguliwa ukang'aa. Karani akayainamia, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Meno tena, dada?"

"Meno tena."

"Jamani! Huyo mzee wenu huko ng'ambo anatafuna kokoto?"

Siku nyingine dada huyo angecheka. Leo hakuwa na nguvu hata ya kutabasamu. Alikuwa ndiye fundi wa meno bandia wa kliniki ya barabara ya pili, na tangu asubuhi alikuwa amesimama kwenye kichumba cha nyuma akichonga nta na kumimina plasta, vumbi jeupe limemganda kwenye nyusi. Wenzake walipokaa kula, yeye alivua koti la kazi akaja kupanga foleni, njaa inamsokota. Miguu yake ilishalalamika hadi ikanyamaza.

Hii ilikuwa seti ya tatu kumtengenezea Baba. Ya kwanza aliituma kwa meli, kwa sababu ndiyo njia rahisi kuliko zote, na ikachukua wiki kumi na mbili. Baba akasema inambana. Fundi alijilaumu usiku na mchana. Alidhani joto la ndani ya kontena limeipinda, na kwamba ubahili wake ndio ulioiharibu kazi ya mikono yake mwenyewe. Ya pili akaipandisha ndege ya kawaida, wiki tatu. Nayo, kwa maneno ya kaka yake, ikawa inacheza mdomoni kama kiatu cha kuazima. Tangu hapo Baba aliacha kuzungumza. Kaka akimpa simu, kilichosikika ni mapovu ya maneno, yote yamemwagika kabla ya kufika.

"Baba yetu anakunywa uji kutwa mara tatu, mdogo wangu," Kaka alisema wiki iliyopita, kwa sauti ya mtu aliyefika mwisho. "Tuma nyingine. Hiyo nayo ikishindikana, namrudisha kwako umpime mwenyewe."

Na fundi, Mungu amsamehe, aliogopa. Miaka mitatu nyuma alikuwa ametoka kumuuguza mama yao mpaka kaburini, na mwili wake ulikuwa umekwisha kabisa. Wageni wa msiba walipotawanyika alimwambia kaka yake pale sebuleni, bila kupunguza wala kuongeza: "Mchukue Baba. Mimi nimechoka." Kaka akamchukua. Tangu siku ile fundi hajawahi kulala usingizi wa kutosha, lakini walau alikuwa anachoka kwa ajili ya nafsi moja tu. Ndiyo maana safari hii alikuja ameshaamua: kifurushi kitakwenda kwa njia isiyo na kisingizio, hata kama bei yake inamtoa mtu machozi.

Karani akamfungulia daftari la viwango, ingawa mwenyewe alikuwa amevikariri vyote kichwani.

"Ya haraka ni siku nne, mpaka mlangoni, mtu anasaini. Bei si unaijua. Lakini kuna hii ya katikati: ndege, imesajiliwa, wiki mbili hivi. Toa hicho kikopo, funga kwa sponji, uzito utashuka daraja. Mimi pesa yangu ningeinusuru, kwa kweli."

"Ya haraka."

"Haya. Jaza fomu ya forodha. Hapo kilichomo usiandike 'meno' kavukavu kama mwaka jana. Andika 'ya bandia', wasije wakadhani umemng'oa mtu." Akamsogezea kalamu. "Na namba ya simu ya mtu atakayekuwepo nyumbani mchana. Wakigonga wakakosa mtu, kinarudi, na kurudi nako unalipia."

Fundi akampigia Kaka. Simu ikaita hadi ikakata. Akampigia tena, wapi! Mwishoni akakumbuka kwamba kwenye karatasi za nyuma za kitabu chake cha namba aliwahi kuandika namba ya simu ya mezani ya nyumba ile, ambayo hakuna aliyeitumia. Akabonyeza tarakimu moja moja, huku watu wa nyuma yake wakihema kwa nguvu ili awasikie.

Ikapokelewa.

"Haloo. Mwenye nyumba hayupo," ilisema sauti ya mwanamume, ya taratibu na safi. "Yupo kazini mpaka saa kumi na moja na nusu. Sema shida yako, nitamfikishia."

Kalamu ikamdondoka fundi. Haikuwa sauti pekee iliyomshtua, bali ile *s*. Mdomo usio na meno hauwezi kuikata namna ile; hewa huponyoka pembeni. Yeye huwapima wagonjwa wake hivyohivyo: akishawavalisha, huwataka waseme sitini na sita, naye hufumba macho na kusikiliza. Hii aliyoisikia sasa ilikuwa ya meno yaliyokaa sawasawa, yaliyotengenezwa na mtu anayeijua kazi yake.

"Baba?"

Mara mapovu yakaanza. "Mwa... mwanh... nangu..."

"Baba, sema sitini na sita."

Alimsikia akimeza mate.

"Sitini na sita," Baba akasema, bila kasoro.

"Ni seti ipi hiyo?"

"Ya kwanza. Ilinikaa siku ileile ilipofika. Mkono wako hauna dosari, mama, nisikusingizie."

"Na ya pili?"

"Ipo kwenye soksi."

Fundi akashika ukingo wa kaunta. Hasira ilimpanda. Zile wiki zote za kujilaumu, ile nta, zile foleni! Alitaka kufoka, akakuta hata pumzi ya kufokea hana.

"Kwa nini, Baba?"

"Kaka yako alisema yakinishinda kabisa, nitarudi unipime mwenyewe. Hapa sikosi kitu, usidhani nateswa. Asubuhi wanatoka wote, jioni wanarudi hoi. Mchana mimi na mlango tunaangaliana."

"Si ungeniambia tu!"

"Ningekuambiaje? Siku ile nilikuwa chumbani. Nilisikia ulivyosema umechoka."

Karani alikuwa anagonga kaunta kwa ukucha, si kwa ubaya. "Dada, watu wanangoja. Tunatuma au hatutumi?"

"Kama bado umechoka, niambie," Baba akaendelea, upesi sasa, kama anayehofia simu itakatika. "Akirudi leo nitayavaa mbele yake, nile nyama anione, mambo yaishe. Sitakulaumu, walahi."

Fundi akayatazama meno yale juu ya mizani. Akafikiria vyumba vyake viwili, ngazi zisizo na pa kushika, na kitanda ambacho ingebidi kihamishiwe karibu na choo. Akafikiria kuamka kabla ya alfajiri, kazini, dawa, kufua, kazini tena. Magoti yalimuuma kwa kufikiria tu. Machozi yakamtoka hapohapo mbele za watu, na hakujishughulisha kuyafuta. Akanyoosha mkono, akakitoa kikopo mizanini.

"Baba, nimeikagua hii ya tatu," akasema. "Nayo haitakukaa."

"Umejuaje, nawe hujaituma?"

"Mimi ndiye fundi. Jioni nampigia Kaka, namwambia mdomo wako hautibiki kwa posta."

Baba akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo hujachoka?"

"Nimechoka, Baba," akajibu. "Njoo tu."

Kisha akasogea pembeni, aliyekuwa nyuma yake apate kuweka mzigo wake.