Njia ya Kisimani Inapita Uwanjani kwa Nadeem

Nadeem wa Chake Chake alipofungua nyumba yake ya wageni huku kwetu Makangale, alinipa sare, buti, rungu na kifaa cha kukagulia watu, kile kinacholia kikikuta chuma. Nilijiona askari kweli. Siku hiyo hiyo wakaingia wageni wawili, wakanitia wazimu.

Ingrid, mwalimu wa Norway, aliniona langoni akasita.

"Pametokea nini hapa?"

"Hapajatokea kitu."

"Basi rungu la nini?"

Kwao, alisema, mlinzi huonekana pale tu mambo yanapokuwa yameharibika.

Sipho, mfanyabiashara wa Johannesburg, yeye aliuliza, "Uko peke yako? Mwenzako wa nyuma yuko wapi?"

Nadeem akanivuta pembeni. "Sikiliza, Ahmada. Yule mama akitoka, jifiche nyuma ya jiko. Yule bwana akitoka, simama wima. Mmoja wao akihama, na wewe umehama."

Kesho yake, asubuhi nzima nilikwenda mbio kati ya jiko na lango kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Saa nne wakaja wanawake na ndoo tupu. Njia ya kisimani inakata uwanja wa Nadeem katikati. Ilikuwapo kabla ya nyumba yake, na hakuna aliyewahi kuomba ruhusa kuipita. Mbele alikuwa Bi Mwanamize, dada mkubwa wa mama yangu.

Sipho akatoka barazani, uso ameukunja. "Hawa hawakaguliwi?"

"Ni majirani."

"Unawajua wewe. Mimi siwajui." Sauti ikamshuka. "Kaka yangu alimfungulia lango mtu aliyeomba maji. Tulimzika Jumamosi."

"Wapime tu, Ahmada," Nadeem akanong'ona. "Dakika moja."

Nimpitishie Bi Mwanamize lile dude kiunoni, mbele za watu? Damu ilinichemka.

"Mpime wewe!" Nikamtia Nadeem kifaa mkononi.

Nadeem akageuka, akakutana uso kwa uso na bibi aliyekuwa akimpakata utotoni, baba yake alipokuwa na duka huku kwetu.

"Shikamoo, Bi," akasema, akakificha mgongoni.

"Marahaba. Mbona mmesimama watatu kama mnaogombea mke mmoja? Tupisheni, jua hili!"

Wenzake wakaangua kicheko, wakapita. Ingrid akatoka mbio kuwafuata, anatabasamu, anawapiga picha bila kuuliza.

Sipho hakucheka. Aliingia ndani kufunga begi.

Nilimsubiri kwenye gari na maneno makali tele mdomoni. Nilitaka ajue ametukana nani. Akapita bila kunitazama, akaketi, akafunga mlango. Akauvuta kuona kama umefungika. Akauvuta tena.

Nikaenda kumfungulia lango.

Gari lilipoondoka, Nadeem alininyooshea mkono, anataka vitu vyake. Nikavua shati la sare, nikavua buti, nikampa vyote. Nikarudi nyumbani pekupeku, njia nzima natafuta wa kumkasirikia, simpati.