Mgeni Ndani ya Programu ya Kofia

Bi Mwanamkisi alinipa muda mpaka alasiri. "Programu yako ikijifunga tena, Raihana, nitolee kompyuta yako hapa. Turudi kwa penseli."

Kwake, mtaani Wiyoni, wanawake sita hushona kofia za vito, zile za matundu madogo yanayotiwa nakshi kwa sindano. Programu ya kuchorea nakshi niliwaandikia mimi, kazi yangu ya kwanza tangu nimalize masomo ya jioni. Wiki nzima ilikuwa ikijifunga kila tukibonyeza kuhifadhi, na nakshi inapotea.

Nilimpakata Ibtihal, mwanangu wa miezi saba, nikaipitia kazi yangu mstari kwa mstari. Sikuona kosa.

"Labda aandike huyo mtoto," akatania Bi Radhiya, mshonaji. "Ana mkono mwepesi kuliko wako."

Nikakumbuka somo: programu huazima vipande vilivyoandikwa na wengine, tunaviita maktaba. Lakini viko vinavyoingia bila kualikwa. Nikafungua orodha ya maktaba zilizokuwemo ndani ya programu yangu saa ile ile. Ishirini na tatu nilizijua. Moja sikuileta mimi. Ilitoka kwenye programu ya adhana.

Bi Mwanamkisi aliiweka mwenyewe kwenye kompyuta, kwa baraka. Ili iweze kufunika kioo wakati wa swala, ilijipenyeza ndani ya kila programu iliyofunguliwa. Tulishafuta michezo, tukafuta nyimbo. Hiyo hakuna aliyethubutu kuishuku, hata mimi.

Nikaizima, nikahifadhi nakshi mara tatu. Salama. Nikaiwasha, programu yangu ikajifunga.

"Bi," nikasema polepole, "ni ile ya adhana."

Sindano zikasimama.

"Wataka nifute adhana, mwanangu?"

"Si adhana, Bi. Ni kazi ya fundi fulani, kama yangu. Yake ina kasoro."

Akageukia dirisha. Msikiti uko nyumba ya pili kutoka pale.

"Na muadhini wetu koo analo," akasema Bi Radhiya. "Juzi kaniamshia mpaka kuku."

Wakacheka wote isipokuwa Bi Mwanamkisi. Akavuta kiti, akasema bismillahi, akaifuta kwa kidole chake mwenyewe. Kisha akachora ua moja dogo, akabonyeza kuhifadhi. Tukangoja.

Ua likabaki.

"Radhiya, ndoo!" akaita, akimpungia mkono aje. "Lete ile kofia ya bwana arusi. Yeo hii, kabla ya jua kutua, twaichora yote."

Ibtihal alikuwa amelala. Nikamlaza begani, nikasimama kuwapisha.